Sura ya Saba: Daftari la Wazazi

Mahindi ya Myanga, huko Bungoma, huvunwa Agosti na Septemba, na mahindi ya Kitale, kwa kuwa ardhi ya huko imeinuka zaidi na baridi yake huchelewesha nafaka kukomaa, hungoja mpaka Oktoba au Novemba, na pengine Desemba. Na tofauti hii ya miezi miwili au mitatu, ambayo kila mkulima wa magharibi ya Kenya huijua bila ya kufundishwa, ilitupotezea mimi na mwanamke mmoja karibu mwaka mzima wa kutafuta.

Mwanamke huyo, ambaye jina lake silitaji, na mwisho wa sura hii msomaji atajua kwa nini, alinijia baada ya mimi kustaafu ualimu, akaketi barazani kwa adabu ya watu wa kwao, mikono imekutana mapajani, akasema, "Mwalimu, nimeambiwa wewe wasoma karatasi za kale. Mimi nataka kujua nilizaliwa na nani." Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Alikuwa na habari tatu tu: kwamba wazee waliomlea Myanga, wote wawili wamekwisha kufariki, hawakumzaa, kwamba alizaliwa Kitale, katika mojawapo ya zile hospitali ndogo za binafsi ambazo watu wetu huziita nasingi homu, hata neno likahamia katika Kiswahili bila ya kubisha hodi, na kwamba ilikuwa mwaka aliouawa Tom Mboya. Habari ya nne hakuihesabu kuwa ni habari, maana alikuwa ameivaa umri wake wote: jina lake la nyumbani lilikuwa la mavuno.

Wabukusu, ambao ndio wengi wa wenyeji wa Bungoma, huwapa watoto majina ya majira. Aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wafula akiwa mwanamume, Nafula akiwa mwanamke. Wa mavuno ni Wekesa na Nekesa. Wa kiangazi Simiyu na Nasimiyu. Wa njaa Wanjala na Nanjala. Na yule ambaye uchungu ulimshika mamaye njiani, kabla ya kufika alikokuwa akienda, ni Wangila au Nangila. Mimi niliyezaliwa pwani, ambako aghalabu tunapewa majina ya mitume na masahaba, na siku zetu za kuzaliwa zikasahauliwa pamoja na kitovu, niliona husuda kidogo nilipoijua desturi hii mara ya kwanza, kwa sababu mtu wa kabila hili hutembea na nusu ya cheti chake cha kuzaliwa mdomoni mwa kila amwitaye.

Kwa hiyo hesabu yetu ilionekana haina kasoro. Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mavuno ya Kitale ni robo ya mwisho ya mwaka. Basi mtoto wa mavuno aliyezaliwa Kitale atafutwe kati ya Oktoba na Desemba 1969. Tukamtafuta huko, na huko hakuwako.

Kabla sijaeleza tulivyokosea, yafaa nieleze mtoto wa Kitale alifikaje Myanga, kwa kuwa mtu asiyeijua njia ya watu hawezi kuijua njia ya karatasi zao. Trans Nzoia, ambamo Kitale imo, ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, na mikono iliyoyalima ilitoka kwa wingi katika vijiji vya Wabukusu vilivyokuwa kusini na magharibi yake. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, lakini ilikuwa tawi, lililochepuka Leseru karibu na Eldoret. Reli kuu ilishika njia nyingine, ikapita Webuye, ambayo zama hizo ikiitwa Broderick Falls, ikapita Bungoma, ikapita kituo kidogo cha Myanga, ikaingia Uganda na kufika Kampala mwaka 1931. Mtu wa Myanga aliyetaka kwenda Kitale kwa treni ilimbidi azunguke mpaka karibu na Eldoret kisha apande tena kaskazini, na ndiyo sababu watu walipenda zaidi kufuata barabara, kwa basi au kwa miguu, kupitia Lugulu, Kamukuywa na Kiminini. Watu waliifuata barabara. Karatasi zilifuata serikali, na serikali ilikuwa imeigawanya nchi ile mikoa miwili: Kitale ilihesabiwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa, ambao makao yake yalikuwa Nakuru, na Bungoma katika Mkoa wa Magharibi, ambao makao yake yalikuwa Kakamega. Mtoto aliyezaliwa mji mmoja akalelewa mji wa pili, safari ambayo leo ni ya saa chache kwa matatu, alikuwa amevuka mpaka ambao makarani wake hawakuwa wakiandikiana barua.

Fauka ya hayo, mwaka 1969 ulikuwa mwaka mbaya wa kuzaliwa Mwafrika anayetaka kukumbukwa na serikali. Usajili wa vizazi na vifo nchini Kenya ulianza na Wazungu mwaka 1904, ukawafikia Waasia mwaka 1906, na Waafrika wakaanza kuingizwa kwa lazima mwaka 1963, wilaya baada ya wilaya, hata ulipofika mwaka 1971 ndipo ukawa umeenea nchi nzima. Miaka sitini na kitu karani alihesabu vichanga vya kabila moja na kuvipita vya kabila jingine katika mji mmoja, na matokeo yake tunayo mpaka leo: mjukuu wa mlowezi aliyeko ng'ambo hupata cheti cha babu yake kwa kuandika barua moja, na mjukuu wa mpalilia mahindi wa shamba lile lile hukiri kwamba babu yake alizaliwa "takriban" mwaka fulani.

Hatua yetu ya kwanza, kama ifanywavyo na wengi, ilikuwa kwenda Nairobi. Huko, Sheria House, Msajili Mkuu ameweka daftari la watoto walioasiliwa. Na hapa inapasa nisimame kidogo, maana jambo hili halifahamiki vema na watu wetu. Mahakama inapotoa amri ya kuasili, uzazi ule wa asili katika daftari la vizazi hutiwa alama kwamba mtoto ameasiliwa, na mtoto huandikwa upya katika daftari la pili pamoja na majina ya wazazi wapya. Uzi unaounganisha madaftari haya mawili huandikwa mahali pa tatu, na mahali pale pa tatu hapafunguliwi kwa mtu yeyote ila kwa amri ya mahakama. Ndivyo ilivyokuwa katika Sheria ya Kuasili, Sura ya 143, na ndivyo ilivyorithiwa na Sheria ya Watoto ya 2001. Asili ya siri hii ni Uingereza, iliyotunga sheria yake ya kwanza ya kuasili mwaka 1926 na kuieneza fikra yake makoloni. Lakini Waingereza wenyewe waligeuka mwaka 1975, wakampa kila mtu mzima aliyeasiliwa haki ya kukiona cheti chake cha asili, na Waskoti walikuwa nayo haki hiyo tangu mwaka 1930. Tulipokea kufuli, na aliyetuletea akaja kufungua mlango wa nyumbani kwake.

Sisi wa pwani tunalo la kusema hapa, na nitalisema kwa ufupi. Katika Uislamu mtoto wa watu hulelewa, hulishwa, hupendwa na husomeshwa, na thawabu zake ni kubwa, lakini nasaba yake haibadilishwi. Zaid bin Haritha aliyelelewa na Mtume aliitwa kwanza mwana wa Muhammad, kisha akarudishiwa jina la baba yake, wala mapenzi hayakupungua. Hiyo ndiyo kafala. Sidai kwamba kila nyumba ya pwani imeitimiza amri hii kwa ikhlasi, kwa kuwa nimewajua watoto wa kulelewa walioambiwa nasaba yao kwa tusi badala ya kwa staha. Nasema tu kwamba fikra ya kumpa mtoto nyumba mpya bila ya kuifuta ya zamani haikuwa ngeni Afrika Mashariki, na wala hakuna mtunga sheria wa kikoloni aliyepata kutuuliza habari zake.

Lakini kufuli lile la Sheria House, kwa mwanamke wetu, halikuwa na kitu ndani. Afisa wa huko aliyetupokea kwa upole alitueleza baada ya siku kadhaa kwamba hakuna jina kama hilo wala la walezi wake, na tulipokwenda Bungoma kwa msajili wa wilaya tukaambiwa ameandikishwa akiwa msichana mkubwa, kwa ushahidi wa naibu chifu, kwamba alizaliwa nyumbani Myanga na wale waliomlea. Hapakuwa na wakili, hapakuwa na hakimu, wala hapakuwa na amri yoyote. Alitiwa mkononi, akafungwa kwa leso, akapandishwa basi. Nikaelewa wakati ule, nami nimeshindana na mawakili wasiotaka kuelewa, kwamba tunapozungumza juu ya siri za kuasili katika nchi hii tunawazungumzia wachache ambao karatasi zao zimefungiwa, tukawasahau wengi ambao hawakuandikiwa karatasi. Kwa watu kama yeye, daftari la nyumba aliyozaliwa ndilo daftari pekee duniani. Likipotea hilo, hakuna jaji awezaye kulifungua.

Basi tukaenda Kitale. Nyumba yenyewe, silitaji jina lake, ilikuwa imefungwa miaka mingi, na chumba walichojifungulia wanawake sasa kinauza mbolea na dawa za ng'ombe. Mwenye nyumba, aliyekuwa mkunga wa serikali kabla ya kuanzisha yake mwenyewe, alikuwa marehemu. Watu watatu mfululizo walituambia kwamba madaftari yalichomwa. Wa nne alisema yalichukuliwa na serikali, jambo ambalo nilijua haliwezi kuwa kweli, kwa sababu Makavazi ya Taifa pale Moi Avenue Nairobi, katika jumba lililokuwa zamani la Benki ya India, hudai kwa sheria nyaraka za umma tu, na daftari la mkunga wa binafsi ni mali yake kama sufuria zake. Makavazi yaweza kuyapokea yakiletwa. Hayana mamlaka ya kuyafuata.

Mtu ataniuliza, mkunga aweka daftari kwa ajili gani? Nami nitamjibu kwamba haliweki kwa ajili ya watoto watakaokuja kuuliza miaka hamsini baadaye, na ndiyo maana linaaminika. Huliweka kwa sababu tatu: mkaguzi wa afya hutaka kuona hesabu ya waliozaliwa hai na waliokufa, yeye mwenyewe hutaka kumjua mzazi anayerudi mara ya pili, alipata shida gani mara ya kwanza, na fedha. Daftari la wazazi, na hapa natumia neno mzazi kwa maana yake ya kale ya mwanamke aliye katika uzazi, lina jina la mama, umri wake, mahali atokapo, mimba ya ngapi, saa ya kuzaliwa, jinsia na uzito wa mtoto, ambao zama zile uliandikwa kwa paundi na aunsi, jina la aliyemzalisha, siku ya kutoka. Daftari la pili, jembamba na chafu zaidi, ndilo la malipo. Watafutaji wengi hulipuuza hili la pili, na ni hasara, kwa kuwa mama aliyejificha aweza kutoa jina la uongo kwa mkunga, lakini mwenye kulipa hutaka stakabadhi yenye jina lake.

Binti wa mkunga yule tulimpata kwa msaada wa mwanamke muuza mboga, ambaye watoto wake wote wanne walizaliwa katika nyumba ile na ambaye alikumbuka jina la mwenyewe, la mbwa wake na la mwanawe. Madaftari yalikuwa juu ya dari, yamefungwa kwa kamba ya katani. Panya walikuwa wamekula mwaka 1972 wote na sehemu ya 1973, na la mwaka 1969 lilikuwa salama, ila jalada. Nilisoma Oktoba, Novemba na Desemba mara tatu. Watoto wa kike walikuwapo, na kila mmoja alikuwa ameondoka na mama yake.

Ni wakati huu, tuliporudi Myanga tumekata tamaa, ndipo shangazi yake mlezi, senge kwa Kibukusu, kikongwe ambaye tulikuwa tumemwamkia na kumpita kila tulipokwenda kutafuta elimu mbali, aliuliza tunatafuta miezi gani. Tukamwambia. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mavuno ya wapi hayo?" akasema. "Jina alipewa hapa. Alikuja sisi tunavuna."

"Senge," mwanamke akauliza polepole, "nilikuja, au nilizaliwa?"

"Ulikuja. Kuzaliwa kwako nani alikuona?"

Mavuno yalikuwa ya Myanga. Jina halikuandika siku aliyotoka tumboni. Liliandika siku aliyoshuka kwenye basi. Tulirudi Kitale wiki ile ile, na katika mwezi wa Agosti, mstari wa pili kutoka chini, alikuwako: mtoto wa kike, paundi sita na nusu, mama wa miaka kumi na saba, mimba ya kwanza, mahali atokapo pameandikwa jina la shamba la mlowezi, na penye siku ya kutoka pana tarehe mbili badala ya moja, mama siku ya tatu, mtoto siku ya tano.

Safu ya baba ilikuwa tupu. Hilo halikunishangaza, maana hata sheria ya usajili wa vizazi, katika kifungu chake cha 12, ilikuwa imeazimia kwamba baba wa mtoto wa nje ya ndoa asitajwe ila kwa ombi la wazazi wote wawili, na kifungu hicho kiliishi mpaka Mei 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alipohukumu kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Kilichonishangaza kilikuwa katika daftari la malipo. Aliyelipa alikuwa yule mzee wa Myanga aliyemlea, kwa jina lake kamili, na siku ya kulipa ilikuwa siku nne kabla ya mtoto kuzaliwa.

Yapo maelezo mawili ya mstari huu, na msomaji ameyafikia yote mawili kama nilivyoyafikia mimi. Labda watu wema wasio na mtoto walipatana mapema na familia ya msichana aliyetaabika. Labda mambo yalikuwa mengine. Mwanamke alinitaka nimsomee mara ya pili, akanyamaza, akaomba tuondoke. Njiani hakusema neno. Tulipofika, alimweleza senge tuliyoyaona, naye kikongwe akatazama nje mlangoni kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ndugu yangu alikuwa mtu wa kulipa madeni yake," akaita chai iletwe, na tangu siku ile hakuna aliyemuuliza tena. Wenzangu wa zama hizi wameniambia kwamba kipimo cha damu kingemaliza shaka. Labda. Mimi sikuwa na haki ya kukitaka, na yeye hakukitaka.

Alimtaka mama yake. Shamba lililoandikwa lilikwisha kugawanywa baada ya uhuru, na vibarua wake wakatawanyika, lakini majina ya mashamba huishi vinywani kuliko katika ramani, na baada ya miezi minne tukaambiwa kwamba yule msichana wa miaka kumi na saba ni hai, ni bibi wa watu, ana mume, watoto na heshima katika kanisa lake, na kwamba nyumbani kwake hapajulikani kitu. Hapa ndipo mtafutaji huweza kugeuka mdhalimu. Mwenye kuzaliwa ana haki ya kujua, nami nimeitetea haki hiyo katika kurasa nyingi za kitabu hiki. Lakini mama naye aliondoka nyumba ile siku ya tatu akiwa amevikwa sitara ambayo ndiyo mali pekee aliyotoka nayo, na hakuna awezaye kuivua kwa kubisha hodi mchana mbele ya wakwe. Hatukupiga simu, hatukuandika barua ambayo mjukuu angeisoma kwa sauti. Senge alimtafuta mwanamke wa makamo, mkwe wa upande ule, mtu mwenye ulimi wa kutulia, akamtuma na ujumbe mfupi: kwamba mtoto wa Agosti yu hai, amelelewa vema, na hadai kitu. Mpaka naandika haya jibu halijaja, na ndiyo sababu humu hamna jina.

Madaftari yale yamerudi juu ya dari, kwa kuwa binti wa mkunga hakuwa tayari kuachana nayo, ingawa sasa yamo ndani ya sanduku la bati. Yako mengine kama hayo, nina yakini, juu ya dari nyingine za Kitale, Webuye na Bungoma, katika masanduku ya wakunga, waganga wasaidizi na watawa waliokwisha kufa, na warithi wao huyahesabu kuwa ni takataka zinazongoja siku ya kupaka nyumba rangi. Ikiwa wewe msomaji ni mmoja wa warithi hao, nakuomba usiyachome. Yafunge kwa kitambaa kikavu, andika juu yake miaka iliyomo, usimwonyeshe mtu asiyehusika, kisha ukiweza uyapeleke Makavazi ya Taifa kwa sharti kwamba yasifunguliwe ovyo. Usipoweza, mwambie mwanao yalipo.